KAZI ZA MIKONO: Kipimo Chako, Nani Anakipima?



Mama akienda sokoni kununua unga, anaangalia nini kwanza? Anaangalia meka. Kama meka imebonyezwa chini, unga unaweza kuwa mweupe na muzuri, lakini nyumbani watoto hawatashiba. Wachimbaji nao wanajua uchungu wa mizani ya uongo: mufuko unatoka shimoni ukiwa muzito, unafika kwa munuzi umekuwa mwepesi. Basi mwezi huu tuzungumze juu ya mizani ingine, ile ambayo wengi wetu hatuifikirii: multimetre, kile kipimo cha umeme ambacho kila kijana mwenye kutengeneza radio, simu na sola anatembea nacho.

Maji ya Lufira yalianza kuzungusha mashine za Mwadingusha katika mwaka 1930, lakini hata leo nyumba nyingi za Likasi zinajua giza. Ndiyo sababu familia nyingi zimetafuta pano ya sola na batri. Batri ile ya risasi ya volti 12 ni kama mutoto muchanga: ikiumwa haisemi. Mufundi anaisikiliza kwa njia ya volti. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kazi, inaonyesha karibu volti 12,7. Ikiwa imebaki nusu hivi, inaonyesha 12,1 ao 12,2. Ikifika 11,8, imekwisha. Muone wenyewe: kati ya shibe na njaa, hakuna hata volti moja kamili!

Sasa muwe waangalifu. Multimetre ya bei rahisi iko na batri yake ndogo ya volti 9 ndani. Batri ile ikichoka, ile volti ya ndani ambayo multimetre inalinganisha nayo inashuka, na namba zinazoonekana zinapanda. Kipimo kilichochoka hakisemi kwamba kimechoka, kinatia chumvi. Tuseme kinaongeza sehemu 5 juu ya 100. Batri ya mama yenye volti 12,1 itaonekana ni 12,7. Mufundi atamwambia: «Mama, batri yako imejaa, iko muzima.» Kumbe iko nusu! Ao tena kijana anataka kurekebisha regilatere ya sola kwenye volti 14,4. Kipimo chake kinamwonyesha 14,4, lakini kweli ni 13,7 tu. Batri haitajaa vizuri hata siku moja, na batri ya risasi inayokaa bila kujaa inaharibika ndani polepole. Nyuma ya miezi michache imekufa, na feza ya familia imekwenda. Watu watalaumu batri, watalaumu pano, watalaumu mufundi. Hakuna atakayeuliza kipimo.

Basi ulizo letu ni hili: kipimo kinapima batri, lakini nani anapima kipimo? Inafaa kuwe na shahidi, kitu ambacho volti yake tunaijua na haibadili maneno leo na kesho.

Wakubwa wa sayansi walipambana na ulizo hili tangu zamani, na hapa kuna jambo la kufurahisha watu wa Likasi. Katika mwaka 1836, Mwingereza John Daniell alitengeneza chombo cha umeme kwa zinki, shaba, na maji ya buluu ya sulfate ya shaba. Wale wenye kufanya kazi Shituru wanayajua maji ya namna ile! Chombo cha Daniell kilitoa karibu volti 1,1 bila kuyumba sana, na wakubwa walipochagua ukubwa wa volti, walichagua kitu kilicho karibu na nguvu yake. Katika mwaka 1893 Edward Weston alileta chombo kingine, cha zebaki na kadmiamu, chenye volti 1,018. Toka 1911 mpaka 1990 kilikuwa shahidi wa dunia. (Vijana, musijaribu kukitengeneza: zebaki na kadmiamu ni sumu.) Siku hizi laboratwari kubwa zinatumia jambo ambalo Brian Josephson alilitabiri katika 1962 akiwa kijana wa miaka 22: vipande vya metali katika baridi kali sana vinatoa volti ile ile popote duniani.

Mutasema: sisi tutapata wapi vitu kama vile? Ngojeni. Shahidi mudogo yuko tayari hapa mutaani, katika vyombo vilivyokufa. Anaitwa TL431. Ni kifaa cheusi chenye miguu tatu, umbo lake kama tranzista ndogo. Muangalie katika alimantasio ya kompyuta iliyoharibika, ao ya imprimante, ao ya televizio. Juu yake kumeandikwa TL431 ao namba 431 pamoja na herufi zingine.

Juu ya nini hakitikisiki ovyo? Ndani yake kuna volti mbili. Moja inashuka joto likipanda, ingine inapanda. Zinaunganishwa kwa kipimo cha haki, na jumla inabaki pale pale. Ni kama bwana na bibi wenye hekima: mumoja akipandisha sauti, mwingine anashusha yake, na nyumba inakaa na amani.

Mbele ya kufungua alimantasio, musikie neno hili: kondensateri kubwa za ndani zinaweza kushika zaidi ya volti 300, hata kama waya imetolewa ukutani. Muiache siku nzima bila kuunganishwa, kisha mupime miguu ya kondensateri mbele ya kugusa. Wadogo wasifanye peke yao. Yaya ao baba awe karibu.

Namna ya kuunga. Shika TL431, uso wake wa bapa ukuangalie wewe, miguu chini. Unga muguu wa kushoto na wa kuume pamoja. Toka pale, weka rezistansi ya om 2200 mpaka kwenye chanya ya batri ya volti 9. Muguu wa katikati unakwenda kwenye hasi. Sasa pima kati ya ile miguu miwili iliyoungwa na ule wa katikati: utapata karibu volti 2,5. Usiongeze kondensateri juu yake, maana zingine zinakifanya kitetemeke. Kisha jaribu na batri ya volti 9 iliyotumika, hata kama imeshuka mpaka 7,5. Ile 2,5 isisogee. Ikisogea sana, kifaa kimekufa, tafuta kingine.

Usipime palepale ukitoka kusudere. Joto la feri linakisumbua, kiache kipoe. Nyuma ya pale, kati ya asubuhi ya baridi ya mwezi wa 6 na joto la mwezi wa 10, kitasogea milivolti chache tu. Kwa multimetre yako, ni kama hakikusogea.

Lakini shahidi mumoja hatoshi. Kiwanda kinasema 2,495, lakini TL431 ya kawaida inaweza kupotea sehemu 2 juu ya 100. Yenye herufi A, sehemu 1. Yenye B, nusu ya sehemu. Kwa hiyo tengeneza tatu ao tano, na zilinganishe. Inayosema peke yake mbali na zingine, iweke pembeni. Kisha tafuta mutu mwenye kipimo kizuri kilichohakikishwa, katika laboratwari ya kampuni ao ya shule kubwa, umuombe kwa heshima akupimie mara moja. Ile namba yake iandike juu ya kisanduku, pamoja na tarehe. Hivi unarudi nyumbani na ukweli wa laboratwari ndani ya mufuko wako, bila kununua kipimo cha bei kali.

Toka siku ile, fanya desturi. Kila posho, mbele ya kazi, pima shahidi na uandike namba katika daftari. Daftari ndiyo nusu ya kazi. Kama kisanduku kinasema 2,49 na multimetre inaonyesha 2,61, usiguse regilatere ya mutu. Badilisha kwanza batri ndogo ya multimetre, kisha pima tena. Ikibaki 2,61, sasa unajua uongo wake ni wa kadiri gani, na unaweza kuupunguza katika kila hesabu.

Wale wenye kutaka kwenda mbali zaidi watasikia habari za LM399. Ile iko na jiko dogo ndani yake, inajipasha moto karibu digri 90 na kukaa pale siku zote, ili baridi na jua vya inje visiiguse. Lakini musikimbilie ile. Mwenye TL431 tatu na daftari iliyoandikwa miezi sita anajua mengi kuliko mwenye kifaa cha bei kali ambacho hajakipima hata siku moja.

Na neno la mwisho kwa wafundi vijana. Mama akileta batri yake, usianze na batri. Pima kwanza shahidi wako mbele ya macho yake, umwonyeshe namba ya kisanduku na namba ya multimetre. Hiyo haipiti dakika moja. Hata kama hajui volti ni nini, meka anaijua, na ataelewa kwamba ya kwako haikubonyezwa.