Kabla ya kununua kiwanja Kolwezi, tazameni ramani ya madini

Kiangazi ndicho msimu wa matofali Kolwezi. Shule zikifungwa mwezi wa saba, tanuru zinawashwa pembezoni mwa mji, na familia zilizochoshwa na kodi za nyumba katika komini za Manika na Dilala zinaanza kuulizia viwanja. Baba anataka mahali ambapo basi la kampuni linapita alfajiri. Mama anauliza maji, shule na kituo cha afya. Bibi anataka nafasi ya kupanda mahindi na matembele. Wote wana haki. Lakini swali linalopaswa kutangulia hayo yote haliulizwi: chini ya kiwanja hicho kuna kibali cha nani?

Tunaliuliza kwa sauti kubwa kwa sababu mji unapanuka kwa kasi, na unapanuka ukielekea kwenye migodi. Kolwezi ilijengwa na kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na tangu mwanzo kambi za wafanyakazi ziliwekwa karibu na mashimo. Mwaka 2015 mkoa wa Katanga ulipogawanywa, mji huu ukawa makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Zikaja ofisi, benki, makanisa mapya, na watu kutoka Kasai, Likasi, Lubumbashi na mbali zaidi. Mwaka 2021 mgodi wa Kamoa-Kakula, ulio umbali wa kilomita zipatazo 25 magharibi mwa mji, ulianza kutoa shaba. Mashariki kuna Mutanda, kisha Kisanfu, kisha Tenke Fungurume. Mtu anayefanya kazi huko anaweza kulala kwake Kolwezi na familia yake, akachukuliwa asubuhi na kurudishwa jioni. Ndiyo sababu viwanja vya kando ya barabara za kutokea mjini vinagombaniwa.

Kujenga juu ya madini kuna gharama: waulizeni waliokuwa mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kwenye kiwanja chake akakuta heterogenite, jiwe lenye kobalti. Habari zikaenea mtaa mzima. Ndani ya muda mfupi watu walikuwa wakichimba uani, jikoni, hata chini ya kitanda, na mashimo yakapita chini ya kuta za majirani ambao hawakuchimba kitu. Mwaka 2017 serikali ya mkoa iliikabidhi kampuni ya Congo Dongfang sehemu ya mtaa huo. Mamia ya familia zikahamishwa, ukuta ukajengwa, na mahali watoto walipokuwa wakicheza pakawa mgodi wenye lango.

Jambo la Kasulo linalotuuma zaidi ni la watoto waliobaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu za wakazi, na vumbi la ndani ya nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani usio na mashimo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Katika mkojo wa watoto hao zilionekana pia dalili za madhara kwenye chembe za urithi. Watoto hao hawakushuka shimoni. Walikaa chini sakafuni, wakacheza uani, wakala kwa mikono kama watoto wote. Mzazi anayechagua mtaa kwa kuangalia ukubwa wa uwanja, bila kuuliza vumbi la uwanja huo linatoka wapi, hajamaliza kuchagua.

Wengine watasema Kasulo ni habari ya wachimbaji wa mkono, na kwamba mwenye kazi rasmi na nyumba ya matofali hana la kuogopa. Basi watazame Cité Gécamines, mtaa uliopangwa, wenye barabara, umeme na shule, uliokuwa fahari ya mji huu. Mgodi wa COMMUS, ambao Zijin ya China inauendesha kwa ubia na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ulianza tena kazi mwaka 2015 na kuukaribia mtaa huo. Septemba 2023, Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa hapa Kolwezi, walitoa ripoti yenye malalamiko ya wakazi: kwamba hawakushauriwa ipasavyo, kwamba milipuko ilipasua kuta zao, na kwamba fidia waliyopewa haikutosha kununua nyumba yenye hadhi ile ile. Hao hawakuwa wavamizi. Wengi walikuwa watu wa Gécamines na watoto wao, waliokaa hapo miaka mingi.

Kiini cha shida kimo katika sheria, na kila mzazi anapaswa kukijua. Tangu sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973, ardhi ni mali ya Dola. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Madini yaliyo chini ni jambo jingine. Hayo huongozwa na Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, na vibali vyake hutolewa kupitia Kadasta ya Madini. Kibali cha uchimbaji hudumu miaka 25 na kinaweza kuongezwa. Kwa hiyo pahali pamoja panaweza kuwa na wenye haki wawili: familia juu, kampuni chini. Ofisi mbili, ramani mbili, na mnunuzi huoneshwa moja tu.

Mara nyingi hata hiyo moja haoneshwi. Hupewa karatasi ya mtaa yenye mhuri, au neno la chifu, au mchoro wa kalamu. Analipa dola alizoweka akiba miaka kadhaa, anaanza msingi, na siku magari ya utafiti yanapofika anaambiwa alijenga ndani ya eneo la kampuni. Hapo muuzaji hapatikani tena. Tunasema wazi: kiongozi anayetia mhuri kwenye kiwanja akijua kiko ndani ya kibali cha uchimbaji anaiibia familia hiyo, na anapaswa kujibu mahakamani.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inasema mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa manufaa ya umma na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Lakini kinga hiyo humsaidia mwenye hati. Mwenye karatasi ya mtaa hufika kwenye meza ya fidia akiwa dhaifu, na hulipwa anachopewa.

Kuna pia hatari ya barabara. Kiwanja kilicho kando ya njia kuu ya kwenda Likasi kinaonekana chenye bahati kwa sababu usafiri ni rahisi. Njia hiyo ndiyo inayopitisha malori ya shaba usiku na mchana, pamoja na matangi ya asidi ya salfuriki inayohitajika viwandani. Februari 2019, kijijini Kabwe, lori la asidi lilipata ajali na watu wapatao 20 walikufa, wengine wakaunguzwa na asidi iliyomwagika. Mtoto anayevuka barabara ya namna hiyo mara mbili kwa siku kwenda shule hajapata mtaa ulio salama, hata kama baba yake anafika kazini kwa dakika chache.

Hatupingi migodi. Bila hiyo, wengi wetu tusingekuwa hapa, na mishahara yake ndiyo inayolipa ada na dawa. Tunapinga mji kuachwa ukue kwa bahati nasibu juu ya utajiri ambao kila mtu alijua upo.

Kwa wazazi, ushauri wetu ni huu. Msilipe hata dola moja kabla hamjaona mahali hapo kwenye ramani ya Kadasta ya Madini, ambayo iko kwenye intaneti. Kama hamjui kuisoma, mtafuteni mpimaji au kijana wa chuo awasaidie. Nendeni ofisi ya hati za ardhi wenyewe, msimtume mjumbe wa muuzaji. Nendeni kiwanjani adhuhuri ya mwezi wa nane, upepo ukivuma, mwone vumbi linatoka upande gani. Waulizeni majirani kama nyumba hutikisika milipuko inapopigwa, na maji ya kisima yana rangi gani.

Lakini mzazi peke yake hawezi kupanga mji. Tunamtaka Gavana Fifi Masuka Saini na meya wa Kolwezi waamuru ramani ya vibali ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa, kwa lugha ya Kiswahili, na kwamba kiwanja kisipewe karatasi ya aina yoyote kabla ofisi ya ardhi haijathibitisha kwa maandishi kwamba hakimo ndani ya kibali cha uchimbaji. Tunataka maeneo ya makazi yatengwe mbali na mashimo na mbali na njia za asidi, yapimwe, yawekewe maji, shule na kituo cha afya kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa. Fedha zipo. Kanuni ya Madini inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha, na maeneo yanayochimbwa asilimia 15. Komini za Dilala na Manika zitangaze hadharani zimepokea kiasi gani na ni mitaa mingapi mipya imepimwa kwa fedha hizo, na zifanye hivyo kabla tanuru za kiangazi kijacho hazijawashwa.