Barua Ile Usiijibu Peke Yako

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi barazani na kikombe cha chai mkononi, aliponijia kijana mmoja ambaye ameajiriwa karibuni na halmashauri. Aliniamkia kwa adabu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukaa sana, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya TUF 6, ile ambayo mtumishi huitia saini ili mwajiri amkate ada ya chama cha wafanyakazi katika mshahara wake.

"Mzee," akaniambia, "baba amenikataza kuitia saini mpaka nije nikuulize wewe."

Nikamwuliza baba yake ni nani. Alinitajia jina ambalo lilinifanya nikiweke kikombe chini. Habari za mzee huyo nitakueleza mbele kidogo, kwani zinanihusu, wala si za kujivunia. Kwanza tulitazame swali la kijana, kwa maana lilikuwa swali la haki: fedha hii itanunua nini?

Tufanye hesabu kwa mfano. Ikiwa ada ni asilimia 2, mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa 12,000 kila mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka. Kwa familia ya mjini hizo ni sare za shule na madaftari. Ukiwauliza wafanyakazi wengi wamepata nini kwa fedha hizo, watakujibu kwa kicheko: fulana na kofia ya Mei Mosi. Mimi nami ninazo fulana hizo. Mbili kati yake mama watoto amekwisha kuzigeuza matambara ya kudekia. Basi kama tawi la chama ni fulana tu, kijana yule angefanya vema kuirudisha fomu yake kama alivyoichukua.

Walakini tawi si fulana. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwakilishi wa chama mahali pa kazi shughuli inayojulikana: kumwakilisha mwanachama katika malalamiko na katika vikao vya nidhamu, kuangalia kama sheria za kazi zinafuatwa, kusema juu ya afya na usalama. Penye wanachama wasiozidi 9, mwakilishi ni mmoja. Penye zaidi ya 100, wawakilishi ni 15, na kati yao wasiopungua 5 wawe wa kuwasemea wanawake. Tena mwakilishi hupewa nafasi ya kuifanya kazi hiyo katika saa za kazi bila kukatwa mshahara. Je, msomaji, wawakilishi wa hapo ulipo unawafahamu? Simwulizii katibu mkuu aliye makao makuu, ambaye picha yake umeiona gazetini. Nauliza juu ya yule aliye chumba cha pili kutoka chako, ambaye unaweza kumgongea mlango saa nne asubuhi ukiwa na barua mkononi, nayo mikono inakutetemeka.

Kushikana mikono kwa watumishi wa umma katika nchi hii si jambo la jana. Mwaka 1922, pale Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya kikoloni, chama kilichowakusanya Waislamu na Wakristo pamoja. Rashidi Kawawa naye alipitia katika chama cha watumishi wa serikali kabla ya kuwa katibu mkuu wa kwanza wa TFL mwaka 1955. Halafu TFL ikavunjwa mwaka 1964, ikaja NUTA, na Waziri wa Kazi akawa ndiye katibu mkuu wake. Mwaka 1978 ikaja JUWATA, na mwaka 1991 OTTU, mpaka tukafika kwenye vyama vingi tulivyo navyo, kila sekta na chake. Katika miaka ile mirefu ya chama kimoja, matawi mengi yalizoea kutazama juu. Jambo likitokea, tawi huandika barua kwa wakubwa, kisha hungoja. Mazoea hayo hayakuondoka siku sheria ilipobadilika, na mimi ni shahidi, maana yaliniponza.

Sasa ndipo penye habari za baba wa kijana.

Mwaka 2011 nilikuwa katibu wa tawi katika shirika moja la umma ambalo sitalitaja. Baba huyo alikuwa mtunza ghala. Siku moja matairi manne yalionekana kuwa hayapo. Ijumaa jioni mkubwa wake akamwita, akamwambia kwa upole: "Andika maelezo mafupi tu, mambo yaishe." Naye, kwa kuwa ni mtu wa heshima, akaandika kwamba anaomba radhi kwa upotevu uliotokea. Kwa Kiswahili cha kwao alikuwa anasema pole. Katika jalada la nidhamu maneno yale yalisomwa kuwa ni kukiri kosa.

Hakuja kwetu. Aliona haya. Wala nyumbani hakusema. Mkewe aliikuta barua ya mashtaka katika mfuko wa shati alipokuwa anafua, siku mbili baada ya kikao kwisha. Katika kikao kile alikaa peke yake mbele ya watu watano. Kanuni za mwaka 2007 zilimpa haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na kwa kawaida apewe si chini ya saa 48 za kujitayarisha. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyeuliza kwamba ghala lile lina funguo ngapi, na ya pili hukaa kwa nani. Akaachishwa kazi.

Hapo ndipo alipotujia, nasi tukafanya kama tulivyozoea. Nikaandika barua nzuri kwa uongozi, yenye "tunaomba kwa heshima na taadhima". Tukangoja. Nikaandika ya pili. Tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa, nasi tukafurahi. Siku ya 41 nilimchukua kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Karani wa pale alitazama tarehe ya barua, akatazama kalenda iliyokuwa ukutani, akatuuliza tulikuwa wapi. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30. Tuliomba kuongezewa muda, na sababu yetu ilikuwa kwamba tulikuwa tunazungumza na uongozi. Maombi yalikataliwa. Hata leo, ndugu msomaji, hakuna chombo chochote kilichopata kusikiliza kama yule bwana aliiba matairi au hakuiba. Kesi yake ilikufa kwa siku 11, na mwenye kuhesabu siku nilikuwa mimi.

Nimekueleza haya kwa urefu kwa sababu humo mna kazi yote ya tawi. Mfanyakazi aliyeshtakiwa hana akili ya kuhesabu. Halali, hali, anawaza kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Anahitaji mtu aliyetulia ambaye ataisoma barua na kuandika tarehe iliyopokelewa. Mtu huyo ataomba nakala ya ushahidi, atakaa kando yake kikaoni na kusema, "Mwenyekiti, swali hilo halikuwamo katika mashtaka." Hii ndiyo bidhaa inayonunuliwa kwa shilingi 12,000. Fulana ni ziada.

Tena siku hizi njia zimebadilika, na anayeshauri kwa kumbukumbu za zamani anaweza kumpoteza mtu. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma hana budi kwanza kumaliza njia zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma, yaani rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma na ngazi inayofuata, kabla ya kuzigeukia njia za sheria za kazi. Rufaa nazo zina muda wake. Katibu wa tawi asiyeijua tofauti ya Tume hizi mbili amfikishe mwanachama kwa wakili wa chama siku hiyohiyo, asione aibu. Aibu ni ile niliyoipata mimi mbele ya kalenda.

Unaweza kusema kwamba hayo ni ya watu waliokwisha kuingia matatani, na wewe kazi yako unaifanya vizuri. Kumbuka basi yaliyowapata watumishi wa darasa la saba. Mwaka 2017, wakati wa uhakiki, watendaji wa vijiji, madereva na wahudumu wengi waliondolewa kazini kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Hawakuwa wamefoji chochote. Sharti la kidato cha nne lilikuwa limeanza tarehe 20 Mei 2004, nao wengi walikuwa wameajiriwa kabla ya siku hiyo. TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, kilikuwa miongoni mwa waliolisemea jambo hilo, na mwezi Aprili 2018 Serikali iliagiza walioajiriwa kabla ya tarehe ile warudishwe kazini. Hebu fikiri: mtu aliyefanya kazi miaka 15, riziki yake yote imesimama juu ya tarehe iliyopigwa chapa katika barua moja ya ajira. Barua hiyo iko wapi? Masjala huweza kuipoteza. Panya hawachagui karatasi. Tawi lenye busara huwaambia wanachama walete nakala, nalo huziweka. Nawe leo, ukimaliza kusoma gazeti, fungua sanduku la nguo uitazame yako.

Nawageukia akina mama. Sheria inampa mzazi siku 84 za likizo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, anyonyeshaye hupewa nafasi isiyozidi saa mbili kwa siku. Wengi wanazifahamu siku 84. Saa mbili zile ndizo zinazoliwa, hasa kwenye zahanati na kaunta ambako foleni ni ndefu, na msimamizi, pengine mwanamke mwenzako, akakwambia kwamba yeye alilea watoto watano bila hayo. Mama mmoja jirani yetu alikuwa akikamua maziwa chooni na kuyamwaga, huku mtoto analia nyumbani. Hakushtaki popote. Mwakilishi wa wanawake wa tawi lake alikwenda kwa msimamizi siku ya Jumanne, akiwa na nakala ya kifungu na karatasi aliyokwisha kuipanga zamu upya. Jumatano mama yule alikuwa nyumbani saa nane. Ninalipenda jambo hili kwa kuwa halikuwa na makelele. Karatasi ile ya zamu ndiyo iliyomaliza kazi, kwani msimamizi hakuwa mkatili, hakuona tu ni nani atakayekaa kaunta.

Ya misiba siyasemi sana, mnayajua: jeneza, usafiri, bahasha ya rambirambi. Ni mambo ya utu, tena huwafuta watu machozi. Lakini tawi linalokuja likiwa limekamilika makaburini, na ambalo halikuonekana kikaoni, lina jambo la kujiuliza.

Nawe mume unayeificha barua katika mfuko wa shati, sikiliza. Barua ya mashtaka imeandikwa jina lako, lakini kodi ya nyumba ni ya wote. Mwonyeshe mkeo usiku huohuo. Mara nyingi yeye ndiye atakayekukumbusha kwamba siku ile inayotajwa ulikuwa hospitali na mtoto, na kadi ya kliniki anayo. Asubuhi uipeleke tawini kabla hujaandika hata mstari mmoja. Wakikubembeleza uandike maelezo mafupi ili mambo yaishe, jibu kwa heshima kwamba utaandika, ila unaomba muda.

Narudi barazani. Nilimweleza kijana yote haya, pamoja na yale ya baba yake, ambayo alikuwa anayajua nusu. Nilimwambia pia kwamba palipo na makubaliano ya ada ya uwakala, hata asiye mwanachama huweza kukatwa, bila kuwa na kura ya kumchagua wala kumwondoa katibu. Alisikiliza kimya. Nikamwuliza baba hajambo, na anafanya nini siku hizi. Akasema anatengeneza baiskeli karibu na soko, na kwamba hana kinyongo nami. Alimtuma kwangu kwa sababu, kwa maneno yake, mimi ndimi ninayejua inagharimu nini.

Sikuwa na la kujibu kwa muda. Kisha kijana akaikunjua fomu yake magotini, akaniuliza kama katibu wa tawi la huko kwao ni mtu anayejua kuhesabu siku.

Nikamwambia simfahamu. Aende kesho akamgongee mlango, amwulize mwenyewe, na kalamu aende nayo.