Mvumilivu wa Wodini Hali Mbivu

Muuguzi mpya hamalizi wiki ya kwanza kazini kabla hajavutwa pembeni kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kupewa nasaha. "Mdogo wangu, hapa wewe fanya kazi zako. Mambo ya ratiba usiyaguse. Inchaji ana watu wake. Vumilia, na wewe siku yako itafika."

Anayetoa nasaha hii mara nyingi ni mtu mwema. Yameshamkuta, na hataki yamkute mwenzake. Lakini nasaha yenyewe ni mbaya, na imeota mizizi katika hospitali zetu hadi tunaiita busara: kwamba kunyamaza kunalinda amani ya wodi, kwamba upendeleo ni jambo la kawaida la kufunika kombe ili mwanaharamu apite, na kwamba anayesema ni mkorofi. Naipinga imani hiyo yote, kwa sababu gharama yake hailipwi na wauguzi peke yao.

Tuanze na ratiba ya zamu, ile karatasi inayobandikwa kwenye kituo cha wauguzi. Isome mstari kwa mstari. Kuna jina ambalo karibu kila Jumamosi na Jumapili limepewa mapumziko. Chini yake kuna jina lenye zamu nne za usiku mfululizo, siku moja ya kulala, kisha asubuhi, kisha usiku tena. Kuna kisanduku kilichofutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya baada ya mtu kupiga simu jioni. Orodha ya wanaokwenda semina haibandikwi popote. Wengine huijua pale wenzao wanaporudi na mikoba ya mkutano, posho imeshaingia. Na yule hodari, ambaye mshipa wa mtoto mchanga ukiwashinda wote huitwa yeye, hapati semina wala mapumziko. Anaongezewa usiku kwa sababu "wewe unaweza". Umahiri wake umegeuzwa kuwa adhabu.

Watetezi wa ukimya husema haya ni mambo ya ndani ya wafanyakazi, mgonjwa hayamhusu. Hapo ndipo wanapokosea zaidi. Kinywa ni kimoja. Muuguzi aliyefundishwa mwaka hadi mwaka kwamba kumwambia mkubwa wake "ratiba hii inanionea" ni utovu wa nidhamu, hawezi kuipata sauti ghafla saa nane usiku amwambie daktari "dozi hii ni kubwa kwa uzito wa mtoto huyu." Ataona kosa, atasita, atatafuta maneno laini, atamuuliza mwenzake kwanza. Dawa itakuwa imeshaingia. Woga alioufundishwa kwenye mambo ya ratiba anaufuata mpaka kitandani kwa mgonjwa.

Na huyo anayesita huenda yuko kwenye usiku wake wa nne. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya kina mama, na huua kwa kasi. Mama anayetokwa damu hivyo anahitaji macho yasiyo na usingizi na mtu asiyeogopa kumwamsha mkubwa. Upendeleo unamnyima vyote viwili kwa pamoja.

Ukimya huu umeshapimwa kwingine, na matokeo yake yako hadharani. Katika hospitali ya Stafford, Uingereza, wagonjwa walitelekezwa kwa miaka, hasa kati ya 2005 na 2009. Ripoti ya uchunguzi wa umma ulioongozwa na wakili Robert Francis ilitoka Februari 2013, na ilieleza utamaduni wa hofu uliowafanya wafanyakazi wengi wasiseme. Muuguzi Helene Donnelly, aliyekuwa idara ya dharura, alisema. Alitoa taarifa kwamba wakubwa wake waliwataka wauguzi waandike muda wa uongo wa kusubiri kwa wagonjwa. Alitishwa na wenzake. Wenzake wa Stafford hawakuwa watu waovu kuliko sisi. Walikuwa wamezoea tu kwamba anayesema ndiye mwenye tatizo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na pale iliyoumbuliwa ni hospitali nzima.

Wapo wanaolifunga jambo hili kwa neno wito: muuguzi ameitwa, basi avumilie. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, tunawasha mishumaa na kurudia kiapo chenye jina lake. Kiapo hicho hakukiandika yeye. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893. Yeye aliporudi kutoka vita vya Crimea mwaka 1856 alichukua kalamu, akakusanya hesabu za vifo, akazichora, na mwaka 1858 akawaonyesha wakubwa wa serikali kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi ya kuzuilika kuliko majeraha ya vita. Mwanamke huyo hakunyamaza mbele ya jeshi la Uingereza. Kulitumia jina lake kumnyamazisha muuguzi wa Tanga au Mwanza ni kumdhulumu.

Siwalaumu wanaoogopa. Hofu yao ina sababu: kuhamishwa wodi bila maelezo, kunyimwa likizo, jina la "mkorofi" linalofika kituo kipya kabla ya mwenyewe. Ndiyo maana nasema mzigo wa kwanza ni wa wenye mamlaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza mjamzito kufanya kazi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Ratiba isiyozingatia hilo haihitaji uvumilivu, inahitaji kurekebishwa. Sheria hiyohiyo imeiweka huduma ya afya kati ya huduma muhimu ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma. Ni sawa, mgonjwa hawezi kusubiri mgomo uishe. Lakini mtu aliyezuiwa kugoma amebakiwa na mdomo wake. Ukimfunga na mdomo, umemwachia nini?

Dawa yenyewe haihitaji bajeti. Mwisho wa kila mstari wa ratiba ijumlishwe idadi ya zamu za usiku na wikiendi za kila mtu, kila mmoja azione. Daftari la semina liwe wazi: nani alikwenda, lini, na nani anafuata. Mabadiliko ya ratiba yaandikwe sababu na kusainiwa. Kikao cha wodi kiwe na muhtasari, na malalamiko yaingie humo. Nanyi wauguzi, msimtume mmoja akaungue peke yake: andikeni pamoja, tajeni tarehe na zamu badala ya majina ya watu, na nakala mpeni mwakilishi wa tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, au TANNA, chama cha wauguzi. Inchaji mwenye haki atashukuru, maana hesabu hizo zitamkinga na yeye dhidi ya tuhuma za bure na simu za wakubwa wanaoombea ndugu zao.

Matroni anayejivuna kwamba wodi zake hazina malalamiko asishangilie mapema. Ajiulize ni lini mara ya mwisho muuguzi wa cheo cha chini alimwambia "hapana, Matroni, hili si sawa", na akabaki wodini palepale, kwa heshima ileile. Kama halikumbuki tukio hata moja, basi ukarabati uanzie ofisini kwake.