Pikipiki Kuukuu ya Mashindano Iingiapo Msituni

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Jikoni, hasara yake ni chungu kimoja cha mchuzi. Katika ununuzi wa pikipiki kuukuu ya mashindano, hasara yaweza kuwa akiba ya mwaka mzima, na pengine mfupa wa mguu.

Na tuchukue mfano wa sajini mmoja, mpenzi wa mbio za pikipiki za matopeni, mchezo wenye watazamaji wengi nchini Uganda, hasa katika uwanja wa Busiika. Sajini huyu hataki kushindana. Ataka kupita vijia vya msituni pamoja na wenzake siku za mapumziko. Apata habari kwamba iko pikipiki ya mipigo miwili, ile ya kuchanganyiwa oili katika petroli, nayo yauzwa kwa bei ya kutupa. Kabla hajazitoa fedha, mkewe amwuliza neno moja tu: "Baba watoto, mashine hiyo ilitengenezwa kwa kazi unayoitaka?"

Swali hilo ni la busara, na lastahili kujibiwa kwa utaratibu.

KAZI MBILI ZISIZOFANANA

Pikipiki ya mashindano ya uwanjani hutengenezwa iruke vilima, ikimbie kwa muda mfupi, kisha irudi kwa fundi. Kwa hiyo springi zake ni ngumu, tangi lake ni dogo, aghalabu la lita 8 hivi, na nguvu za injini huja kwa ghafula. Haina taa wala stendi, na gurudumu lake la nyuma ni la inchi 19.

Msitu wataka mambo mengine. Humo mwendeshaji hupita polepole juu ya mizizi na mawe, na kukata kona baina ya miti iliyokaribiana. Springi ngumu humrusha huku na huko, na nguvu za ghafula humtelezesha. Gurudumu la inchi 18 lafaa zaidi, kwa kuwa tairi lake lina ubavu mrefu unaomeza vishindo vya mawe.

Tofauti hizo zilidhihirika kiwandani kwenyewe. Mwaka 2016 Yamaha walipotoa YZ250X kwa ajili ya njia za msituni, waliichukua YZ250 ya uwanjani, wakailainisha springi, wakaitia gurudumu la inchi 18, wakatanua nafasi baina ya gia zake, na kuiwekea stendi. Anayenunua ile ya uwanjani na ajue kuwa mabadiliko kama hayo atayagharimia mwenyewe.

KWA NINI BADO YATAFUTWA

Sababu ya kwanza ni wepesi. Nyingi za ukubwa wa sentimeta za ujazo 250 zina uzito unaokaribia kilo 100, hivyo ikianguka topeni mtu mmoja aweza kuiinua. Sababu ya pili ni urahisi wa injini. Haina vali za kurekebisha kichwani, na mtu mwenye subira, spana chache na kitabu cha mashine aweza kubadili pistoni na ringi zake nyumbani.

Lakini na aulize vipuri vitatoka wapi. Honda waliacha kutengeneza CR250R baada ya toleo la 2007, na Suzuki wakaiacha RM250 baada ya toleo la 2008. Yamaha waliendelea na YZ250, na tangu ilipopewa fremu ya aluminiamu mwaka 2005 injini yake ilibadilika kidogo tu kwa miaka mingi. Kwa hiyo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi zaidi. KTM wa Austria nao waliendelea, tena mashine zao za EXC zilikusudiwa njia za namna hii tangu mwanzo.

Kuhusu ukubwa, ile ya 125 ni nyepesi zaidi, lakini nguvu zake hupatikana injini inapozunguka kwa kasi. Katika mlima wenye mizizi, mwendeshaji aliyechoka huzimikiwa mara kwa mara. Ile ya 250 huvuta tangu chini, ila humtaka mtu mwenye mkono wa utulivu. Kuiongezea uzito flaiwili yake hupunguza ukali huo na kuizuia isizimike ovyo.

UKAGUZI WA MASHINE

Pikipiki ya mashindano aghalabu haina mita ya kilomita. Muuzaji akisema imetumika kidogo, hakuna chombo cha kumsadiki wala kumkanusha. Mashine yenyewe ndiyo itakayotoa ushahidi.

Yafaa mnunuzi amwombe muuzaji asiiwashe kabla hajafika, kisha aiguse silinda. Ikiwa ya moto, huenda kuna tabu ya kuwaka ikiwa baridi inayofichwa. Injini ikiwa ingali baridi, afungue kifuniko cha rejeta na kutazama maji. Akisha kuiwasha, mapovu yanayotoka mfululizo humo huonyesha kwamba gasketi ya kichwa imeharibika. Kamwe asikifungue kifuniko hicho injini ikiwa ya moto, asije akaungua uso.

Atoe oili kidogo ya gia. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi chanzo ni sili ya pampu ya maji. Moshi mzito usiokwisha hata injini ikisha pata joto waweza kuwa dalili kwamba sili ya krenki upande wa klachi imekufa, na injini yainywa oili ya gia. Sili ya upande wa pili ikifa, hewa huingia, injini hukimbia yenyewe bila kuvutwa, na pistoni yaweza kukwama. Kelele ya kugonga kutoka chini ya silinda yaashiria krenki iliyochoka, na matengenezo yake huenda yakaimeza faida yote ya bei rahisi.

Kisha aikague miguu. Oili ikichuruzika kwenye shokapu za mbele, sili zimekwisha. Auinue mkia wa pikipiki na kuutikisa gurudumu likiwa hewani. Ukicheza, beringi za nyuma zimelika. Agonge spoki moja moja kwa spana, maana iliyolegea hulia kwa sauti nzito. Atazame chini ya fremu, mahali palipochomelewa, kama pana ufa au rangi mpya isiyo na sababu.

Mwisho asome nambari za fremu na za injini, na kuzilinganisha na hati. Nambari iliyokwaruzwa au kupigwa upya ni sababu tosha ya kuondoka hapo hapo. Ni fedheha kwa askari kukutwa na mali ya wizi, hata kama aliinunua kwa moyo safi.

BAADA YA KUNUNUA

Sehemu ya fedha ibakizwe kwa helmeti, buti ndefu, miwani na kinga za magoti. Mashine nayo yahitaji kinga za mikono, sahani ya chuma chini ya injini, springi zinazolingana na uzito wa mwendeshaji, na sproketi ya nyuma yenye meno mengi kidogo.

Oili ipimwe kwa chombo, si kwa macho. Kwa mchanganyiko wa 32 kwa 1, lita 5 za petroli hutaka mililita 156 za oili. Lakini kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Katika mteremko mrefu, mwendeshaji asiiache injini izunguke kwa kasi huku petroli imefungwa, kwani petroli ndiyo iletayo oili. Abane klachi, au avute petroli kidogo kidogo.

Ekzosi nayo iwe na kizuia cheche. Katika misitu ya umma ya Marekani chombo hicho ni lazima kwa sheria, kwa hofu ya moto. Tena msitu wa hifadhi hauingiwi bila ruhusa, wala haifai kwenda peke yako. Nyumbani waachiwe habari ya njia na saa ya kurudi.

Na yule sajini? Alifungua oili ya gia, akaikuta nyeupe. Muuzaji akacheka: "Hilo jambo dogo, afande." Sajini akamshukuru, akashika njia. Fedha zikarudi sandukuni mwa mkewe, nazo zitangoja humo mpaka ipatikane mashine ambayo mwenyewe haogopi ikaguliwe.