Mwenye Ufunguo Ndiye Mwenye Nyumba

Kuuza ni neno fupi, lakini limebeba mzigo mkubwa. Mtu auzapo kitu hukitoa katika mkono wake kikaingia katika mkono wa mwingine, na tangu saa hiyo amri yake juu ya kitu hicho hukoma. Mhunzi akiisha kuuza panga sokoni Nkubu hana ruhusa ya kwenda usiku shambani kwa mnunuzi akalitie ubutu. Mwenye ng'ombe akiisha kupokea bei yake hana haki ya kumfuata ng'ombe huyo zizini kwa jirani akamfunge chuchu. Mambo haya yalijulikana na watu wa Imenti kabla ya duka la kwanza kujengwa kando ya barabara iendayo Embu, wala hapakuhitajika wakili wa kuyaeleza. Lakini siku hizi imezuka biashara ambayo muuzaji hupokea bei yote, hukabidhi kitu, kisha hubaki na ufunguo mfukoni mwake. Nasema wazi kwamba biashara hiyo si kuuza, na kuiita kuuza ni udanganyifu.

Fikira hii sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na mtoto. Mpwa wangu ni mwanafunzi wa shule ya sekondari. Katika likizo mbili alichuma majani chai katika mashamba ya majirani, huko juu kuelekea msitu wa Mlima Kenya, akiondoka alfajiri majani yangali na umande, na kurudi jioni vidole vimegeuka rangi. Katika ujira wake aliweka akiba ya shilingi 3,000, na kwa fedha hizo alinunua mchezo wa mashindano ya magari unaochezwa kwa intaneti katika kompyuta kuukuu ya kaka yake. Hakukopa wala hakuiba. Kazi za nyumbani zilipokwisha, alishindana na vijana wa nchi ambazo hajapata kuziona ila katika ramani.

Kabla ya miaka miwili kutimia, kampuni iliyouza mchezo huo ilitangaza kwamba itazizima seva zake, yaani kompyuta kuu ambazo mchezo hauna budi kuzungumza nazo ndipo ufunguke. Siku ilipowadia, mchezo ulikuwa ungali umo ndani ya kompyuta yake, mzima, bila kupungua hata chembe, lakini haukufunguka. Alikuja kwangu akasimama mlangoni akaniuliza, "Mjomba, nimeibiwa?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba michezo ni upuuzi, na kwamba mtu aliyepoteza upuuzi hakupoteza kitu. Alinyamaza kwa adabu akaenda zake.

Haikuchukua muda mrefu na mimi nikafika darasani. Nilikuwa na simu niliyoichukua kwa malipo ya kila siku kutoka kampuni moja. Nililipa shilingi yangu ya mwisho siku ya Alhamisi, nikapata ujumbe wa kunipongeza. Jumamosi asubuhi, mvua za Oktoba zikiwa zimekaribia, nilikwenda mjini Nkubu kununua mbolea. Nilipotoa simu nilipe kwa M-Pesa, niliona kioo kimejifunga na kuniagiza nilipe deni. Deni gani? Nilitoa kadi yangu nikaitia katika simu ya muuza mbolea, mtu mwema, ndipo nikaweza kulipa. Simu yangu ilifunguliwa Jumanne, baada ya kupiga simu nyingi na kuambiwa nisubiri. Siku tatu nilitembea na mali yangu mfukoni ikinitii kama vile ng'ombe wa mtu mwingine anavyomtii mpita njia. Ndipo nilipolikumbuka swali la mpwa wangu, nikaona haya.

Lazima niseme haki hapa, maana hoja isiyo na haki ni kelele tu. Kufuli ya mkopo, kwa yenyewe, si dhuluma. M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza nchini Kenya mitambo midogo ya umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo, na mtambo uliweza kuzimwa kutoka mbali mnunuzi asipolipa. Mwezi wa Julai mwaka 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianzisha mpango wa simu za Lipa Mdogo Mdogo, na simu ya mpango huo nayo iliweza kufungwa hivyo hivyo. Kwa njia hizo watu wengi wasioweza kutoa bei nzima kwa mara moja walipata taa na simu. Kufuli hiyo ilisemwa tangu mwanzo, na kitu kilikuwa bado hakijawa cha mnunuzi. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini ugonjwa ukiisha kupona, dawa haiendelei kunywewa. Baada ya shilingi ya mwisho kupokelewa, kila dakika ambayo ufunguo unabaki kwa muuzaji ni dakika ya dhuluma.

Basi tazama tofauti. Mkopaji wa simu aliambiwa, "Hiki si chako mpaka umalize kulipa." Mnunuzi wa mchezo alimaliza kulipa siku ya kwanza, na bado hakikuwa chake. Yupi kati yao aliyedanganywa zaidi?

Jambo lililompata mpwa wangu si la kijiji kimoja. Kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft ilitoa mwaka 2014 mchezo wa magari uitwao The Crew. Tarehe 31 Machi 2024 ilizima seva zake, na watu waliokuwa wameununua kwa bei kamili hawakuweza tena kuucheza, hata mmoja peke yake chumbani mwake. Kutokana na tendo hilo Ross Scott, Mmarekani, alianzisha harakati ya kuzitaka kampuni ziache kuiua michezo iliyokwisha kuuzwa. Kufikia Julai 2025 ombi lililopelekwa kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limetiwa sahihi na watu zaidi ya 1,000,000. Watu milioni moja hawaweki sahihi kwa ajili ya upuuzi. Waliona kwamba leo ni mchezo, na kesho ni kitu kingine.

Watetezi wa kampuni wana majibu matatu, na yafaa tuyapime moja moja.

Jibu lao la kwanza ni kwamba mnunuzi hakununua mchezo, alinunua ruhusa ya kuutumia, na jambo hilo limeandikwa katika masharti. Ndiyo, limeandikwa. Limeandikwa kwa Kiingereza cha mahakama, katika kurasa nyingi za maandishi madogo, mahali ambapo mtoto wa miaka 16 hatafika na baba yake hatafika pia. Lakini juu ya kitufe cha kulipia liliandikwa neno moja kubwa ambalo kila mtu alielewa: Nunua. Kama ni kukodi, kwa nini hawakuandika Kodi? Kwa sababu wanajua kwamba mtu hatoi bei ya kununua kwa kitu cha kukodi. Hata huko California, nyumbani kwa nyingi za kampuni hizo, ilitungwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno nunua bila kumweleza mtu waziwazi kwamba anachopewa ni leseni tu. Watunga sheria hawakataza kosa ambalo halipo.

Jibu la pili ni kwamba seva hula fedha, na hakuna kampuni inayoweza kuzilisha milele. Hili ni kweli, wala hakuna mwenye akili anayelikana. Lakini hatukuomba milele. Tumeomba kwamba mwenye duka afungapo duka lake asiondoke na funguo za nyumba zetu. Mchezo wa Doom ulitolewa na kampuni ya id Software mwaka 1993. Mwaka 1997 kampuni ilitoa hadharani maandishi ya programu yake, na mpaka leo watu wanaucheza, wanautengeneza na kujifunza kutokana nao. Kampuni haikufa kwa ukarimu huo. Na Ubisoft yenyewe, baada ya kelele za wanunuzi, iliahidi mwaka 2024 kwamba michezo miwili iliyoifuata The Crew itapewa njia ya kuchezwa bila seva. Lililowezekana baada ya kelele lingaliwezekana kabla yake. Halikufanywa kwa sababu hakuna aliyewalazimisha.

Jibu la tatu ndilo nililolitoa mimi mwenyewe mlangoni kwangu, nalo ndilo baya kuliko yote: kwamba haya ni mambo ya watoto. Msomaji, ufunguo unaofunga mchezo ndio ufunguo unaofunga kitabu. Mwezi wa Julai mwaka 2009 Amazon iliingia kwa mbali katika vifaa vya kusomea vya wateja wake, ikaviondoa vitabu viwili vya George Orwell walivyokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Kimoja kilikuwa Animal Farm, kile ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi. Lakini kujua kwamba mtu aweza kuingia chumbani mwako ukiwa umelala, akatwaa kitabu kitandani na kuacha sarafu mahali pake, hakuondolewi na radhi. Nakala ya Shamba la Wanyama iliyo katika rafu ya shule yako, hata ikiwa imechanika jalada, haiwezi kutwaliwa hivyo.

Ufunguo huo huo umefika shambani. Huko Marekani wakulima walinunua matrekta kwa fedha nyingi, kisha wakaona kwamba yakiharibika hawawezi kuyatengeneza wenyewe, kwa kuwa programu iliyo ndani humtii fundi wa kampuni peke yake. Mavuno yalingoja, na mvua haikungoja. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa zana za kilimo wawape wakulima vifaa, programu na maelezo ya kuzitengeneza. Hayo hayakuwa mambo ya watoto.

Nasi wa Meru tusijifanye kwamba jambo hili ni geni kwetu. Wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiwa kulima kahawa. Katika miaka ya 1930 wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa, lakini kwa kibali na kwa kipimo. Udongo ulikuwa wa mkulima, jasho lilikuwa la mkulima, lakini amri ilikuwa ya ofisi. Wazee wetu hawakuridhika na mti uliowatii nusu. Ni aibu kwa wajukuu wao kuridhika na simu, kitabu au mchezo unaowatii nusu, eti kwa sababu amri ya sasa haivai kofia ya serikali.

Tunataka nini basi? Tunataka mambo matatu, na hakuna hata moja lililo zito. Kwanza, neno la kweli: kinachokodishwa kiitwe cha kukodi, na muda wake utajwe kabla ya fedha kutoka. Pili, ufunguo: kilicholipiwa chote kifunguliwe chote, siku ile ile, na kampuni inayoacha kukihudumia kitu imwachie mnunuzi njia ya kukitumia bila yake. Tatu, fidia: anayefungiwa mali yake bila deni alipwe hasara yake, si kupewa ujumbe wa kusubiri.

Mambo haya hayahitaji mapinduzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya kuwalinda watumiaji ilifuata mwaka 2012. Bunge halina budi kuyanyosha maneno hayo mpaka yafike ndani ya programu, na sisi hatuna budi kulikumbusha.

Ninyi vijana msomao ukurasa huu mna wajibu wenu pia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kulipa, ulizeni: kitu hiki kitafunguka bila intaneti? Kampuni ikifa, nacho kitakufa? Nikimaliza kulipa, nani atabaki na ufunguo? Kuuliza si ujinga, na muuzaji anayekasirishwa na swali amekwisha kujibu. Tena, wenye uwezo miongoni mwenu wajifunze kuandika programu, maana watu wasiojua kutengeneza kufuli watafungiwa siku zote na wanaojua.

Nilimwita mpwa wangu nikamwomba radhi. Kisha nikamjibu swali lake kama nilivyopaswa kulijibu siku ile. Nilimwambia kwamba mahakama huenda isimwone mwizi, kwa kuwa mwizi huyo aliandika ruhusa yake mwenyewe kwa herufi ndogo. Lakini alichuma chai likizo mbili, akatoa fedha halali, akaambiwa amenunua. Leo hana fedha wala mchezo, na aliyezipokea anazo. Katika Kiswahili tulichofundishwa na mama zetu, jambo hilo lina jina moja tu, naye alilitaja siku ile mlangoni kabla yangu.