Kanjo Hapangwi Nairobi

Vijana wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe.

Juni 2024 mlifanya jambo ambalo wazee wetu hawakuwahi kuliona. Mliuchukua Mswada wa Fedha wa serikali kuu, mkausoma kwenye simu kifungu kwa kifungu, mkawaeleza mama na shangazi kwa Kiswahili chepesi mpaka wakajua kwa nini mkate ungepanda bei. Wengine walitoka barabarani hawakurudi nyumbani, Mungu awarehemu. Tarehe 26 Juni Rais akakataa kuutia saini.

Sasa nijibu hili. Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Mombasa, ule unaosema mwenye mkokoteni alipe ngapi, mwenye tuktuk alipe ngapi, mama wa mahamri pale stejini alipe ngapi, wewe uliusoma lini?

Nauliza kwa sababu malalamiko tunayoyasikia mitaani ni ya aina mbili, na watu huyachanganya. La kwanza ni polisi: kijana kasimamishwa usiku Mtongwe, kaulizwa kitambulisho, katiwa kwenye Land Cruiser. La pili ni kanjo: binti kapanga nguo zake chini, pickup imefika, mzigo umerushwa ndani, na hajui aufuate wapi. Yote mawili yauma. Lakini mwenye kutoa amri si mmoja, na mwenye kutoa pesa si mmoja, na ukienda kwa asiyehusika atakupigia siasa mpaka uchoke.

Polisi ni wa serikali kuu. Katiba imewaweka chini ya Inspekta Jenerali, na pesa zao hupitishwa na Bunge la Kitaifa kule Nairobi, baada ya kupita mbele ya Kamati ya Utawala na Usalama wa Ndani. Gavana hawezi kumwamuru OCS wa Likoni. MCA wako ndiyo kabisa. Kwa hiyo neno la polisi ni la mbunge wako, na Mombasa ina wabunge sita na mwakilishi wa wanawake wa kuwauliza.

Kanjo ni mwingine. Kanjo ni wa hapa. Mshahara wake, sare yake, petroli ya ile pickup, na ile sheria anayosema umeivunja, vyote vimepita mikononi mwa watu uliowapigia kura mwenyewe. Mombasa ina wadi 30. Likoni ina 5, Changamwe ina 5, Kisauni ina 7. Hesabu hiyo ni 17. Zaidi ya nusu ya MCA waliochaguliwa wanatoka kwetu sisi, na bado hatujatia Jomvu na Nyali. Kisiwa kizima kina wadi 5 tu. Basi mtu asikwambie kwamba bara haina sauti kwenye bunge la kaunti. Sauti iko, haijatumwa tu.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wetu hufikiri kazi ya bunge la kaunti ni ile tunayoiona kwenye klipu, waheshimiwa wakirushiana maneno. Kazi yenyewe hufanyika kwenye kamati. Mswada ukisomwa mara ya kwanza huenda kwa kamati, na kamati ndiyo inayotakiwa kuwaita wananchi na kusikiliza. Ukirudi ukumbini, mara nyingi umeshaiva. Bajeti nayo vivyo hivyo, ina kamati yake.

Ila kuna siri moja ya bajeti ambayo si siri, imeandikwa, ni vile hatuisomi. Sisi huamka mwezi wa sita. Tukisikia tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kupitisha bajeti, tunakuja na mabango. Tumechelewa! Kufikia tarehe 28 Februari hazina ya kaunti inatakiwa iwe imepeleka bungeni Waraka wa Mkakati wa Fedha, na huo waraka ndio unaoweka kiwango cha juu ambacho kila idara itatumia. Bunge lina siku 14 tu za kuutazama. Baada ya hapo makadirio kamili huja kufikia 30 Aprili, lakini kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zasema bunge likitaka kubadilisha makadirio hayo, lisizidishe wala kupunguza zaidi ya asilimia 1 ya kiwango cha idara. Asilimia moja, jamani. Yaani mwezi wa sita wewe wapigania makombo, sahani iligawanywa mwezi wa pili.

Sheria hiyo hiyo ya fedha ya 2012 yasema hazina ikiandaa waraka huo lazima itafute maoni ya umma na kuyazingatia. Kwa hiyo ukitaka kusema kwamba pesa za kununua pickup nyingine ya kanjo zipelekwe kwenye taa za barabarani Bofu au kwenye chuo cha ufundi, mahali pake ni Januari na Februari. Na angalia: kwa miaka hii Ramadhani yatuangukia hapo hapo, Februari na Machi. Mchana mtu amefunga, jioni yuko kwenye futari, usiku tarawehe, nani ataulizia waraka wa fedha? Basi tuulizie kabla. Na tuwaambie kamati waziwazi kwamba kikao cha maoni kikiwekwa Ijumaa saa saba mchana au karibu na magharibi ya Ramadhani, hicho si kikao cha watu wa Kisauni.

Wala usidhani hili la maoni ni hisani. Kiambu walilichukulia hivyo. Walipitisha Sheria yao ya Fedha ya 2013, wananchi wakaenda kortini wakasema hawakushirikishwa, na Aprili 2014 Jaji Odunga wa Mahakama Kuu akaifuta sheria nzima. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa haikumgeuza. Katika hukumu ile jaji alieleza bunge la kaunti linavyotakiwa kuwafikia watu, akataja mahali kwa majina: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya umma, redio za lugha zetu. Misikiti imo. Tangazo la gazeti moja ambalo halifiki Mwakirunge halitoshi. Kwa hiyo imamu akisoma baada ya swala tangazo kwamba kamati fulani yapokea maoni kuhusu mswada wa masoko, hajaleta siasa msikitini, amefanya jambo ambalo korti ilisema lilitakiwa kufanywa.

Twende kwenye sheria zenyewe. Kaunti ina mamlaka juu ya mambo yanayotugusa kila siku: masoko na leseni za biashara, maegesho na usafiri wa ndani, kelele na kero za mtaani, leseni za pombe, matangazo ya barabarani, na pia udhibiti wa dawa za kulevya. Soma tena hilo la mwisho. Mtaani kwako wamo waliopotea kwa unga, na kaunti yako imepewa kazi hiyo na Katiba.

Nitakupa mfano unaoujua. Mei 2024 gavana alitoa amri ya kupiga marufuku muguka Mombasa. Akina mama wa kwetu walipiga vigelegele, na mimi sikuwalaumu, wameona watoto wao. Lakini ilikuwa ni amri ya ofisi. Haikuwa sheria iliyopita bungeni ikasikilizwa na kamati, ikaletewa ushahidi wa madaktari na wazazi. Ndani ya wiki moja Rais alisema haina nguvu, kwa sababu sheria za kitaifa zautambua muguka kuwa zao la kilimo, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha. Sheria ya bunge nayo ingepelekwa kortini, sikatai. Lakini ingefika huko na mgongo: mjadala, maoni, ripoti ya kamati. Amri ilifika na saini moja.

Na upande wa pili wa shilingi ndio unaotubana zaidi. Sheria ndogo zilizoandikwa bila sisi zinatuhukumu sisi. Kosa la kuuza bila kibali, kosa la kuzuia njia, kosa la kuzurura. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na haki kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake, kwa umaskini wake, na kuzitaka nchi za Afrika zizifute au kuzirekebisha. Hayo ni maoni mazuri ya kubandika juu ya barua unapoiandikia kamati. Kijana wa Magogoni akilala Shimo la Tewa kwa sababu alikosa faini ya kuuza miwani, sisi kama mji tumefaidika nini?

Sisemi kanjo waondolewe wote. Soko bila utaratibu mwenye nguvu ndiye hutawala, na mama mwenye meza yake ya halali naye ana haki ya njia. Ninachotaka ni vitu vinavyoonekana: namba kubwa kwenye sare, isomeke kutoka ng'ambo ya barabara, risiti kwa kila mzigo unaochukuliwa, yenye orodha na mahali pa kuufuata, na vyakula vinavyooza visipelekwe stoo vikaozee huko. Hayo yote yaweza kuandikwa kwenye sheria ya kaunti. Hayahitaji Nairobi.

Turudi kwa polisi kidogo, kwa sababu nilisema ni wa Nairobi, lakini kuna mlango mmoja uko hapa. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, yataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mtu wake. Wakuu wa polisi, wapelelezi na ujasusi wa kaunti wamo, wawakilishi kutoka bunge la kaunti wamo, na wamo wananchi wa kawaida wakiwemo wa dini, wanawake na vijana. Kazi yao ni kupendekeza polisi wa hapa watilie mkazo nini, kufuatilia uhalifu unavyokwenda, na hata kuangalia matumizi ya bajeti ya ulinzi katika kaunti. Je, wewe wamjua kijana anayekuwakilisha humo? Umewahi kusikia walikutana lini? Swali hilo muulize MCA wako mbele ya watu, na umpe nafasi ajibu.

Najua kwa nini wengi wenu hamtaki kuketi chumba kimoja na mkuu wa ujasusi. Novemba 2014 misikiti ilivamiwa, Musa na Sakina kisiwani, Swafaa na Minaa upande wa Kisauni, vijana wakabebwa wengi. Kuna mama mpaka leo hajui mwanawe yuko wapi. Jeraha hilo halifungwi na kikao. Lakini pia magenge ya mapanga Kisauni na Likoni hayachagui nyumba, na wanaokatwa ni watu wetu wakitoka swala ya alfajiri au wakirudi kazini bandarini. Twataka polisi waje tukiwaita, na twataka wasituue wakija. Yote mawili ni dai moja, na kiti kikiwa kitupu atakikalia mwingine aseme vijana wa Kiislamu wanataka nini.

Kuna na jukwaa jingine linaloitwa Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Sheria ya fedha, kifungu cha 137, imetaja wanaotakiwa kuwakilishwa: wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wenye ulemavu, wazee, na makundi ya kidini. Vijana kwa jina lao hawamo kwenye orodha hiyo. Lakini dini imo. Basi jumuiya za misikiti zinapopeleka jina, kwa nini lisiwe la binti wa miaka 26 aliyesomea uhasibu? Wazee wetu tunawaheshimu, ila si kila kiti lazima kiwe na fimbo.

Sasa kazi. Kamati haihitaji Kiingereza cha wakili. Karatasi moja yatosha. Juu andika unamwandikia Karani wa Bunge la Kaunti ya Mombasa, na jina la mswada au waraka. Kisha taja kifungu, useme kinakuumiza vipi, halafu andika maneno unayotaka yawekwe badala yake. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Kulalamika kamati imezoea. Sentensi iliyo tayari kunakiliwa haijazoea. Kama hakuna mswada wowote mezani, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti chakupa haki ya kupeleka ombi bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Na ukikosa nakala ya bajeti, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu.

Msiende mmoja mmoja. Wa Likoni mvuke feri pamoja, wa Changamwe mpite Makupa pamoja, wa Kisauni mgawane nauli ya matatu. Watano kutoka kila wadi wanatosha kujaza chumba cha kamati. Beba nakala mbili za karatasi yako. Moja waachie, na ya pili usitoke nayo kabla haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.