Namba 74

Kila nilipoisikia santuri ya Kijapani iitwayo Thunder in the East ikizungumzwa, mazungumzo yalianzia kwenye namba. Namba yenyewe ni 74. Hapo ndipo ilipofika mwaka 1985 katika orodha ya Billboard ya santuri 200 zilizokuwa zikiuzwa zaidi Marekani. Anayeipenda huitaja namba hiyo kama nishani, asiyeipenda huitaja kama hukumu. Sijamsikia hata mmoja akianza na gitaa.

Basi mimi nianze nalo. Akira Takasaki wa kundi la Loudness hugonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili juu ya shingo ya gitaa, kwa kasi ambayo mara ya kwanza ilinifanya nidhani redio yangu imeharibika na kuikimbiza kaseti. Nyuma yake yupo Munetaka Higuchi, aliyefariki mwaka 2008, akizipiga ngoma kama mtu anayebomoa ukuta kwa mpango. Hawa hawakuwa wanagenzi. Kabla ya santuri hiyo walikwisha kutoa nne huko kwao Japani, ya kwanza mwaka 1981, wakiimba zaidi Kijapani, na walikuwa na wasikilizaji wao. Lakini katika masimulizi ya wapenzi wa hevi metali, hayo yote huhesabiwa kuwa ni maandalizi tu. Loudness huzaliwa siku Marekani ilipowasikia.

Wakaimbishwa Kiingereza. Jalada likapambwa kwa miale ya jua jekundu la Kijapani, ili mnunuzi asikosee walikotoka. Hapa ndipo ninapoudhika. Mtu huyo huyo alitakiwa awe Mjapani machoni na Mmarekani mdomoni! Na mwimbaji Minoru Niihara alipotamka Kiingereza kama mtu wa Osaka, watu wakacheka.

Nami nilicheka, sifichi. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu mwalimu, tukimwigiza Niihara mpaka machozi. Kisha nikamkumbuka mtoto mmoja darasani kwetu aliyechapwa kwa sababu r na l zilimgongana ulimini. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Alichapwa kwa kuzisoma vibaya. Kicheko kikaniishia, na rafiki yangu akaniuliza kama naumwa.

Watetezi wa matamshi husema biashara ni biashara, Mmarekani hanunui asichokielewa. Haya, tuhesabu basi, maana wao ndio wapenda namba. Mwaka 1986, kwa ulimi ule ule wa Niihara, santuri iliyofuata, Lightning Strikes, ilipanda hadi namba 64. Mwaka 1987, Hurricane Eyes ikaporomoka hadi 190. Ulimi haukubadilika kati ya 64 na 190. Kilichobadilika sikijui chote, ila matamshi sikubali yasingiziwe.

Hata hivyo ni mwimbaji aliyetolewa. Akaletwa Mmarekani, Mike Vescera, na mwaka 1989 ikatoka Soldier of Fortune. Maneno yakanyooka, hakuna wa kucheka. Nimeisikiliza; ni kazi nzuri, na Vescera ana koo la kuogopwa, sina ugomvi naye. Lakini ile namba 74 iliyodharauliwa haikukaribiwa tena, na kundi sasa lilisikika kama makundi mengine kumi ya wakati ule. Walikuwa wamenunua ufasaha kwa sauti ambayo mtu aliitambua akiwa chumba cha pili.

Niihara alirudi kundini zaidi ya miaka kumi baadaye, na Kiingereza chake ni kile kile. Rafiki yangu mwalimu aliniazima kaseti ile baada ya ugomvi wetu, akisema anataka kuhakiki madai yangu. Hajairudisha. Nikipita kwake jioni naisikia dirishani, na bado hajakubali kwamba anaipenda.